Matumbawe ya Nelvine

Tumbawe la kwanza kufa nyumbani kwa Omariba, pale Kedowa, lilikuwa lile la zambarau. Jioni lilikuwa limechanua vizuri tu. Asubuhi likawa jeupe kama mfupa wa supu, na sebule nzima ilinuka dawa ya kupe.

Lilikuwa ndani ya tangi la kioo lililoletwa na binti yake, Nelvine, aliyekuwa akifanya kazi hotelini Diani. Alilijaza mawe ya bahari na matumbawe hai, kisha malaria ikamchukua. Wakamzika karibu na majani chai, na Omariba akabaki na tangi. Mzee mzima akawa anashinda akikoroga chumvi na kupima joto la maji, shamba limemshinda. Majirani walimcheka. Wangejua, wasingecheka.

Tangi lilikuwa linaongea. Lilianza na mapovu, halafu ikaja sauti, ya Nelvine kabisa: "Baba, nina baridi. Lete mkono." Omariba alikunja shati akatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko, akakaa hivyo mchana kutwa, na kila ulipotoka mkono ulikuwa umekonda zaidi, mpaka mashavu nayo yakaingia ndani. Pasta aliomba akachoka. Mkewe, Nyambeki, alilia jikoni peke yake. Mtoto ameshaenda, na sasa hiki kitu kinataka na mume.

Siku moja Omariba akiwa amesinzia kitini, Nyambeki alipiga magoti mbele ya kioo.

"Kama wewe ni Nelvine," alinong'ona, "ng'ombe wako anaitwa nani?"

Nelvine alimlea ng'ombe huyo kwa chupa tangu akiwa ndama, akampa jina yeye mwenyewe. Badala ya jina, kitu humo ndani kikacheka, polepole.

Basi. Kuanzia hapo, kila akimaliza kumpulizia ng'ombe huyo dawa ya kupe, Nyambeki hakunawa. Aliingia sebuleni akachovya vidole kwenye maji. Matumbawe yakafa moja moja, na kila moja likifa sauti ilififia. Omariba akahangaika: akabadilisha maji, akaweka makaa ya kuchuja, akalaumu mvua, akalaumu bomba.

"Nani anamuua mtoto wangu?" aliuliza, macho mekundu.

Nyambeki akasema hajui. Uongo huo ulimuuma sana.

La mwisho lilipokufa, nyumba ilitulia. Omariba alilala fofofo, akaamka akaitisha ugali. Nyambeki alimshukuru Mungu, akayatoa yale maji kwa ndoo. Na hapa ndipo alipokosea, maskini. Maji yote yale ya chumvi, mfugaji gani atayamwaga? Dawa yenyewe ilikuwa kidogo, na ng'ombe hujilamba nayo kila akipuliziwa. Akayamimina kwenye hori, na ng'ombe akayanywa yote, akaramba na mbao.

Jioni, mvua ya mawe ikipiga mabati ya boma, Nyambeki alikuwa anakamua na maziwa yakawa yanatoka baridi, tena yananuka kitu alichowahi kunusa kwenye mizigo ya Nelvine tu, mwani na samaki, na ng'ombe akaacha kutafuna, akageuza shingo taratibu mpaka mdomo wake ukafika sikioni kwa Nyambeki.

"Mama," ilisema ile sauti, "anaitwa Molly."

Mlango wa nyumba ulifunguka. Omariba alikuwa anakuja kwenye mvua, shati ameshalikunja hadi kwenye kiwiko.