Mahali pa Sababu

Harufu ya udongo mbichi wa shimoni iliingia ofisini Jumatatu saa nne asubuhi, wakati Tarime haikuwa imeonja mvua wiki tatu. Dada Robi, mwenye ofisi, alikagua soli za viatu vyake. Mogesi hakukagua vyake. Alijua imetoka wapi.

Mwaka ule dhahabu ilifumuka, watu wakaacha mashamba mpaka kule Busawe, na ofisi yao ya watu watatu ikapewa kazi ya kutengeneza programu ya kuandikisha wachimbaji wanaoshuka na kupanda. Kila badiliko la programu hiyo lilihifadhiwa na ujumbe mfupi, na kila mtu aliandika alivyojisikia: “nimerekebisha”, “nimerekebisha tena”, “sasa basi”. Robi akataka kanuni moja. Mogesi, wa kwanza kuajiriwa, aliandaa kurasa sita kwa wiki nzima. Vivian, aliyekuja juzi tu kutoka Sirari, aliandika maneno matatu kwa mkono: kitendo, kitu, sababu. Robi akaibandika karatasi ya Vivian ukutani, akaagiza kompyuta zikatae ujumbe wowote usio na sababu. Zile kurasa sita hata hakuzifunua. Wivu unauma jamani. Mogesi hakula siku hiyo.

Jumamosi akabandika nakala, na ile karatasi yenyewe akaipeleka kwa Mzee Mniko, mganga anayewaombea wachimbaji ruhusa kwa jini wa shimo. Akamwamkia shikamoo, akaomba Vivian aondolewe. Mzee akauliza sababu. Mogesi aliona aibu kuitaja. Karatasi ikatumbukizwa shimoni hivyo hivyo.

Sasa, Jumatatu, maneno yakajiandika kwenye kompyuta yake. Ondoa: Vivian. Sababu: patupu. Imekataliwa. Chini ya sakafu nyundo ikagonga jiwe mara moja, kisha maneno yakaanza upya.

Alikimbilia kwa mzee.

“Jini anafuata kanuni mliyompa,” Mniko alinong’ona. “Anasubiri sababu kutoka mdomoni mwako. Usiitamke siku arobaini, atachoka.”

Mogesi akaufunga mdomo, siku baada ya siku, huku nyundo ikigonga karibu zaidi, huku Vivian akikonda na kukohoa vumbi jekundu, huku Robi akizidi kumsifu Vivian huyo huyo, na Mogesi akimwonea huruma na kumwonea kijicho kwa pumzi moja, asijue kipi kitamshinda.

Siku ya thelathini na tisa Vivian alisogeza kiti.

“Kaka Mogesi, nimekukosea nini?”

Mogesi alimwonea huruma kweli. Machozi yakamtoka.

“Hujanikosea, dada. Ni wivu wangu tu.”

Kompyuta ikalia kidogo. Imekubaliwa.

Nyundo ikanyamaza. Alipoinua macho, kiti kilikuwa kitupu, kimelowa udongo.

Robi akaingia na vikombe viwili vya chai, akakitazama kile kiti.

“Hiki cha nani? Tumewahi kuwa watatu hapa?” Kisha akageukia karatasi ya ukutani, akatabasamu. “Ila Mogesi, hii kanuni yako imetusaidia sana.”