Nilivyomfanya Mama Aache Kukimbia

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na darasani bila mimi hakuna kicheko. Hata mwalimu wa hesabu hucheka akinichapa! Lakini wasomaji wenzangu, kuna mzaha mmoja ambao mpaka leo unanifuata...

Nyanya, mama yake mama, aliuawa na saratani ya matiti. Kisha dada ya mama, vivyo hivyo. Muuguzi akamwambia mama kwamba kwa ukoo huo, yeye yuko hatarini zaidi, basi afanye mazoezi kila siku.

Mama hakungoja! Mwaka huo wa 1994, kila asubuhi alivaa raba zangu kuukuu, akafunga leso kiunoni, akakimbia kutoka kwetu Lurambi mpaka kwenye miwa.

Sasa, kwetu mama wa watoto wanne akionekana anakimbia barabarani, watu wanajua ni msiba tu. Mimi nikaona hapo pana mchezo. Nilijificha nyuma ya ua, na mama alipopita nikapiga nduru ya kilio. Woooi! Woooi!

Majirani walitoka mbio, mmoja na unga mikononi.

"Mama Imali, nani ametuacha?"

Mama, akihema, akasema ni mazoezi tu.

"Mazoezi! Na sisi tumeshaanza kulia? Wewe ni mtoto wa shule?"

Nilicheka mpaka nikaanguka kwenye matope.

Mama hakunichapa. Alisema tu, "Umenimaliza, kijana wangu." Hakukimbia tena.

Mwaka uliofuata akapata uvimbe. Akakatwa titi... Haikusaidia. Tulimzika nyuma ya jikoni.

Nilimwuliza yule muuguzi: angeendelea kukimbia, angepona? Akasema mazoezi hupunguza hatari, lakini kwa mama hakuna awezaye kujua. Hakuna! Afadhali muuguzi angenilaumu. Siku hizi mchana kweupe namwona mama kule kwenye miwa, anakimbia. Namwita... hageuki.

Vijana wenzangu mnaopenda mizaha kama mimi, nawasihi. Mama yako, shangazi yako, akitoka kufanya mazoezi, mfungulie lango. Ukiweza, kimbia naye. Ukishindwa, funga mdomo!

Imali, dada yangu, ana miaka ishirini na miwili, na damu ni ile ile. Nilimwomba aanze, nikasema nitakimbia kando yake.

Akaniuliza, "Ili unicheke?"

Nimemwomba tena juzi. Bado anakataa.