Kiti Kilichogawiwa Karata

Karata mbili mbele ya kiti kitupu zilikuwa na unyevunyevu, kama zimetoka kushikwa na mkono wenye jasho.

Fundi saa aliziona, akajifanya hakuziona. Anayejifunza poka huona aibu kuuliza. Alikuwa fundi saa wa kuchelewa kila mahali. Hata siku ya kumzika mkewe alisubiriwa. Leo, hatimaye, amekuja kinyozini kwa shemeji yake, kujifunza mchezo ambao marehemu alicheza pale kila Jumamosi, naye fundi akimkejeli: "Haya, nenda kapigane na visoda!" Maana walichezea visoda, vile vifuniko vya chupa, si pesa. Sasa alibakiwa na kicheko cha mkewe tu, kile cha kukatika katikati kama cherehani iliyokwama. Bila kukikumbuka, usingizi haukuja.

"Mbona unamgawia asiyekuwepo?" mwishowe fundi akauliza.

"Kiti cha dada hatukiruki, shemeji. Zamu yake ikifika, namtupia karata zake, yaani amejitoa." Kinyozi akamkazia macho. "Na wewe chunga mdomo. Mezani neno likitoka limetoka. Ukitaka kuweka vyote, sema 'visoda vyote', basi. Usituletee mashairi."

Kiti kinachokaribishwa kila wiki mwishowe hupata mkaaji.

Karata tano za katikati zilipokwisha kufunuliwa, fundi alijikuta na wafalme watatu. Alijikausha, lakini masikio yalimcheza. Kinyozi akatupa zake, akanyoosha mkono atupe na za kiti. Hazikunyanyuka. Marashi ya waridi yakajaa chumba, na chini yake harufu ya nywele zinazoungua. Visoda vya kiti vikajisukuma katikati, kri, kri, kri.

"Tupa karata, shemeji," kinyozi akanong'ona. "Huyo si dada."

Lakini fundi, aliyelala upande mmoja wa kitanda tangu msiba, akiuacha wa pili umetandikwa asije mwenyewe akarudi akakosa pa kulala, hakusikia onyo wala hakunusa kuungua, alinusa waridi tu, akasema kwa sauti ya kubembeleza:

"Naweka yote niliyo nayo."

Karata za kiti zikajifunua. Zilimshinda.

Visoda havikuguswa. Harufu ikapotea.

"Kumbe hakuchukua kitu!" fundi akashusha pumzi.

Ndipo kitini kikatoka kicheko. Kikakatika katikati, kikaendelea. Kinyozi akaangua kilio, uso ameufunika kwa taulo la wateja.

Fundi akatazama huku na huku.

"Shemeji," akanong'ona, "nani huyo anayecheka?"