Mfungo wa Nyumba ya Ndalahwa

Jambo la kwanza lililokosa mahali pake katika nyumba ya mzee Ndalahwa, pale Mkolani, lilikuwa sauti ya kutafuna. Kila adhuhuri binti yake Justa aliikataa sahani, akajifungia chumbani mikono mitupu. Na nyuma ya mlango kitu kilitafuna, taratibu, huku harufu ya sato aliyeoza ikipenya sebuleni. Justa alizidi kukonda.

Akina mama wa kanisa walimsifu. "Mama Justa, umetuzalia mtakatifu! Sisi tukifunga, saa nne tu tunanusa maandazi."

Mwaka huo wa 1996, Daktari Teodora, aliyewachunguza wagonjwa wanaokataa chakula, alimpeleka Justa Nairobi akapigwe picha ya ubongo. Waliporudi aliiinua dirishani. "Hakuna uvimbe, mzee. Ubongo umesinyaa kwa njaa. Akilishwa kidogo kidogo, nami nikizungumza naye kila juma, utarejea."

"Jini halipigwi picha, daktari," alijibu Ndalahwa, mzee wa kanisa. "Namna hii haitoki ila kwa kusali na kufunga."

Akaitangazia nyumba nzima mfungo. Majiko yakazimwa, na kadiri matumbo yalivyonyamaza ndivyo kutafuna kulivyopaa, kukatoka chumbani, kukapita ukutani, kukafika chini ya meza walipopiga magoti, meno yakigongana kwa furaha ya mgeni aliyeandaliwa karamu, hata Justa, aliyebaki mifupa na macho, akanong'ona, "Baba, linafurahi. Mnafunga pamoja nalo."

Mkewe, Wilhelmina, akainuka, akawasha mkaa.

"Mama Justa, unavunja agano!"

"Baba Justa, Bwana alipomfufua binti wa Yairo aliagiza nini? Aliagiza apewe chakula."

Akamlisha uji, kijiko kwa kijiko. Justa alilia, akatapika, akameza tena. Sauti ikakoma. Daktari aliendelea kuja. Miezi ikapita, mashavu yakarudi, na picha ya pili ikaonyesha ubongo uliojaa. Waliomsifu kwa njaa yake na watubu.

Lakini Ndalahwa hakuuvunja mfungo wake. Alisema ameshiba. Jioni moja Justa alipiga magoti mbele yake na bakuli la uji.

"Shikamoo baba. Fungua kinywa. Kidogo tu."

Mzee alitazama juu ya bega la binti yake, akatabasamu.

"Marahaba. Mpe kwanza huyo aliyekushika bega."

Justa alivihisi vidole. Hakugeuka. Alikisogeza kijiko kinywani mwa baba yake.