Sindano Nyuma ya Vitenge

Blandina alikuwa amechoka. Haukuwa uchovu wa siku moja. Ulikuwa ule uchovu unaolala nawe na kuamka nawe.

Kila alfajiri yeye na mumewe, Ansbert, walitoka Magomeni kwenda Kariakoo. Blandina aliuza vitenge. Ansbert alikuwa fundi, na cherehani yake ilikaa pembeni ya meza ya mkewe. Mteja alinunua kitambaa kwa mke, akashonesha kwa mume. Nafasi ya kuugua hawakuwa nayo.

Karibu na hapo palikuwa na zahanati ya Daktari Zakayo. Alikuwa mtu mpole, hapendi kumkatalia mtu. Familia yao ilitibiwa kwake miaka kumi na moja. Tatizo lilikuwa foleni. Ukikaa foleni, wateja wanakwenda kwa jirani.

Siku moja Blandina alimwomba, "Dokta, si ututumie mtu atuchome sindano huku huku kwenye biashara?"

Daktari alisita, kisha akakubali. Tangu hapo akawa anamtuma Ramadhan, mtu wa makamo mwenye koti jeupe. Mgonjwa alisimama nyuma ya majora ya vitenge, akashusha suruali kidogo, akachomwa, akarudi kazini. Wafanyabiashara wote wa pale walifurahi. Walimsifu Blandina kwa akili yake, naye alivimba kichwa. Hakuna aliyeuliza Ramadhan amesomea nini.

Jumanne moja mgongo wa Ansbert ulikaza. Ramadhan akaja na sindano ya maumivu. Safari hii Ansbert alipiga kelele mpaka wateja wakageuka.

"Mama yangu! Imepita kama umeme, hadi kidole cha mguu!"

"Itatulia," alisema Ramadhan, akaondoka haraka.

Haikutulia. Jioni mguu wa kulia ulikufa ganzi. Wakati wa kutembea, ncha ya kiatu ilikwangua chini. Blandina alimshika mkono hadi nyumbani.

Jirani yao Amira alikuwa nesi katika kituo cha afya cha serikali. Alikuja kumtazama mgonjwa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Alimgusa kidole gumba cha mguu. "Unasikia?"

"Sisikii kitu, dada."

Amira akamgeukia Blandina. "Nani alimchoma?"

"Ramadhan, wa kwa Daktari Zakayo. Alimchoma pale pale, nyuma ya vitenge."

"Akiwa amesimama? Mama Severa, ndani ya kalio unapita mshipa mkubwa wa fahamu, unashuka hadi mguuni. Aliyesomea anajua pa kuchoma ili asiuguse. Kabla ya hapo anakuuliza unaumwaje, na kama kweli unahitaji sindano. Mara nyingi vidonge vinatosha. Na huyo Ramadhan, ni nesi?"

"Anavaa koti," alijibu Blandina. Alipolisikia jibu lake mwenyewe, aliona aibu.

Kesho yake walikwenda hospitali. Daktari wa huko alisema mshipa umeumia. Alimpa Ansbert mazoezi. Mguu huenda ukarudi, huenda usirudi. Fundi bila mguu wa kukanyaga cherehani atashona na nini? Blandina alilia kwenye benchi bila kujificha.

"Ukatoe taarifa," Amira alimwambia waliporudi.

"Nimshtaki Daktari Zakayo? Mwanangu Severa alipopata degedege, yeye ndiye aliyembeba mikononi hadi hospitali! Halafu, Amira, wazo lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyeomba."

"Mgonjwa ataomba tu, anataka kupona upesi. Mwenye taaluma ndiye wa kusema hapana. Akishindwa, ndiyo maana kuna wakaguzi."

"Watafunga zahanati. Mtaa mzima utanichukia."

"Huenda wakaifunga kwa muda. Lakini usiposema, wiki ijayo atachomwa nani nyuma ya vitenge vyako?"

Blandina alijikokota hadi ofisi ya serikali ya mtaa, wakamwelekeza kwa Mganga Mkuu wa halmashauri, msimamizi wa zahanati zote. Alieleza siku, mahali na jina la aliyechoma. Alieleza pia kwamba yeye ndiye aliyeanzisha. Hilo lilimtoka kwa shida.

Wakaguzi walifika. Leseni ya zahanati ilikuwa imepita muda. Sindano zilizotumika zilitupwa kwenye ndoo ya kawaida. Ramadhan alikuwa ameajiriwa kufanya usafi; kuchoma alijifunza kwa kutazama. Zahanati ikafungwa hadi irekebishwe.

Wiki zile zilikuwa ndefu. Hafidhi, muuza mashuka wa meza ya pili, aliacha kumsalimia. "Umetufungia dokta wetu," alimwambia siku moja mbele ya wateja. Blandina aliendelea kukunja vitenge vyake. Hata kujitetea kulimchosha.

Baada ya miezi mitatu zahanati ilifunguliwa tena. Ansbert alihitaji kupimwa mguu, na njiani kwenda huko miguu ya Blandina ilikuwa mizito kuliko ya mgonjwa. Ukutani aliona cheti na leseni, na namba ya simu ya kupeleka malalamiko. Nesi mpya alikuwa na jina lake kifuani. Alifungua sindano mpya mbele ya mgonjwa, na alipomaliza akaitumbukiza kwenye boksi maalumu. Ramadhan alikuwa akipiga deki.

Daktari Zakayo alikuwa amekonda.

"Mama Severa. Ulinishtaki."

"Nilikushtaki, dokta."

"Ungekuja kuniambia mimi kwanza. Miaka yote hii."

"Ningekuambia, ungenikubalia. Nilipokuomba umtume mtu, ulinikubalia. Ningekuomba usimtume, ungenikubalia, kisha Hafidhi angekuomba, naye ungemkubalia. Mimi na wewe tulikuwa tunafurahishana tu, dokta. Alihitajika mtu asiyetaka kutufurahisha."

Daktari alikwenda kwenye sinki, akanawa mikono kwa sabuni.

"Lala hapa, Baba Severa," alisema.

Alivua soksi ya Ansbert. Akachukua kijiti chenye ncha, akakigusisha kwenye kidole gumba. "Fumba macho. Unasikia?"

Ansbert alitikisa kichwa. Daktari akaongeza nguvu kidogo.

"Aah! Dokta, unaniumiza!"

Blandina alijiinamia akaangua kilio. Tangu Jumanne ile alikuwa hajasikia neno zuri kama hilo.

"Rudia," alisema kwa sauti iliyokatika. "Dokta, tafadhali, mguse tena."