Anayeonja Kwanza

Siku ya gulio Ngaramtoni hata lori huomba njia. Huwaomba mbuzi, huomba magunia ya viazi, huwaomba akina mama waliotandaza nyanya mpaka ukingoni mwa lami. Kila uchaguzi wakubwa huja kuahidi soko pana, hupigiwa makofi, hupanda magari yao ya vioo vyeusi, na nyanya hubaki palepale.

Abdiel alikuwa chini ya lori lililogoma breki. Alikuwa fundi wa magari wa mtaa wa Sakina, mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye ovaroli iliyokuwa ya kijani zamani. Alipomaliza alijivuta nje, akafuta mikono kwa tambara, akatiliwa chai kwenye kikombe chake cha bati, cha bluu, kilichobanduka rangi mdomoni. Chai ile ilikuwa na tangawizi ya kumkohoza ng'ombe. Yeye aliinywa, uso haukutikisika.

"Kaka! Samahani kaka. Hicho kikombe ni chako?"

Mwanamke alisimama mbele yake na mfuko wa ulezi mkononi. Gauni la kitenge cha njano, sweta jeusi juu yake kwa baridi ya Mlima Meru, raba nyeupe zilizokwisha kuwa nyekundu kwa vumbi.

"Changu. Unataka kununua?"

"Nataka kuhakikisha. Mimi nakiona kila Jumamosi kwenye simu. Wewe si ndiye Kikombe cha Bluu wa Glasi ya Leo?"

Glasi ya Leo lilikuwa kundi la WhatsApp la watu wa Arusha wanaopenda bia zisizopatikana kila duka, zile zinazopikwa kidogo kidogo na watu wenye ujuzi na wazimu wao: za kimea, za ndizi, za asali. Mwanzilishi alikuwa Vishal, mwenye duka la vipuri mjini, duka alilolikuta kwa baba yake, na baba kwa babu. Sharti lake lilikuwa moja. Unapiga picha ya ulichoshika mkononi saa hiyohiyo, unaandika unachokisikia ulimini. Picha ya jana marufuku, sura ya mtu haihitajiki. Kwa hiyo watu walijuana kwa glasi na vikombe.

"Na wewe ni nani?" Abdiel aliuliza.

"Kizibo Chekundu."

"Ile ya ndizi na ulezi."

"Ee! Naipika jikoni kwa mama, kule Maji ya Chai. Naitwa Anneth. Kaka, wewe uliandika kwamba bia ya asali ya Saning'o inanukia majani yaliyonyeshewa mvua siku ya pili baada ya kuchomwa moto. Nililala na maneno hayo."

"Pole."

"Pole ya nini? Niliyapenda!" Anneth alicheka mpaka muuza chai akageuka. "Hebu nipe namba yako kabla hujarudi uvunguni."

Akampa. Hakujua kwa nini. Mdomo ulitaja namba wenyewe, kama mkono unavyochukua spana.

Simu zikaanza. Anneth alipiga mchana wateja walipopungua kwenye mgahawa wake, akapiga jioni akiosha masufuria.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Makande."

"Matamu?"

"Makande ni makande."

"We mwanaume! Maneno yako yote unayaweka akiba ya Jumamosi? Mimi wa katikati ya wiki sina haki?"

"Una haki."

"Basi nipe hata moja."

"Mahindi," alisema Abdiel. "Na maharage."

Anneth alicheka kwa muda mrefu, na yeye alikaa na simu sikioni akisikiliza kicheko kile kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Lakini hakuizima. Na siku ambayo simu ilichelewa, aligundua amekaza nati ileile mara mbili.

Kilichokuwa kimemfika Abdiel hakuwa amemwambia mtu. Mkewe Tabitha alikuwa amefariki mwaka wa tatu huo, akijifungua, na mtoto naye. Gari la wagonjwa lilikuwepo. Lilipakwa rangi mpya na lilikuwa limezinduliwa kwa utepe, ila siku ile halikuwa na mafuta. Aliyetakiwa kusaini mafuta yatoke alikuwa kwenye mapokezi ya mkubwa fulani, na msafara wa mkubwa ulipita barabarani magari kumi na zaidi, yote yakiwa na mafuta. Abdiel alisimama pembeni na mke mikononi, akazuiwa kuvuka mpaka msafara uishe. Hakuna aliyeulizwa. Kilichoundwa ni kamati, na kamati ilikula chakula cha mchana.

Wiki ya mazishi Abdiel aliweka wali mdomoni akasikia kama anatafuna karatasi. Alidhani ni uchovu. Miezi ikapita. Pilipili ikabaki moto bila ladha, chumvi ikawa mchanga tu. Zahanati walimwambia ni mawazo, wakampa vidonge vya kichwa. Hakulia. Ndani yake palikuwa kama mguu uliokufa ganzi kwa kukaliwa vibaya, unaujua upo kwa kuwa unauona.

Maneno ya Jumamosi hayakuwa yake. Tabitha alikuwa binti wa wapika pombe, na Wameru wana desturi: anayekuandalia pombe huonja kwanza mbele yako, ndipo akupe, ujue hakukutilia kitu. Tabitha alikuwa akionja kwenye kikombe kilekile cha bluu, kisha anamweleza mumewe anachokwenda kukutana nacho. "Hii ina ndizi iliyoivia mtini." "Hii imekasirika kidogo, inywe polepole." Miaka yote ya ndoa alimweleza hivyo. Abdiel alikuwa ameyaweka maneno hayo kichwani, na kila Jumamosi alichukua moja akaliandika. Ilikuwa njia yake ya kumsikia tena. Hakufikiri kama kuna mtu upande wa pili angeyapenda.

Sasa Anneth alikuwa ameyapenda. Akimweleza ukweli, atamkosa. Asipomweleza, atamlisha mwanamke wa watu maneno ya marehemu maisha yake yote.

Akanyamaza. Kunyamaza kulikuwa rahisi.

Vishal aliita wanachama wote wakutane Jumamosi mchana, uani nyuma ya duka, kila mmoja na bia yake. Anneth alikuja na gauni jekundu la kufanana na vizibo, nywele zimesukwa upya, na kreti la chupa alilolibeba mwenyewe akikataa kusaidiwa. Mlima ulikuwa wazi siku hiyo. Saning'o alileta bia yake ya asali kwenye kibuyu, akamwamkia mama mzazi wa Vishal aliyekuwa dirishani juu, "Shikamoo mama," naye akaitikia, akafunga dirisha asione wanavyokunywa.

"Ya kwanza ni ya Kikombe cha Bluu," alisema Anneth. Alifungua chupa, akajaza kikombe, akampa Abdiel kwa mikono miwili.

"Mpishi hujaonja," Vishal alimkumbusha. "Mimi Mhindi najua, wewe Mmeru umesahau?"

"Hiyo ni ya pombe ya kuchotwa kwa kata. Hii ina kizibo, nani atatia sumu humu? Kunywa, mpenzi. Niliipika nikifuata maneno yako."

Mpenzi, mbele za watu. Wote wakashangilia. Abdiel akanywa. Ulimi haukumpa habari yoyote. Akatazama uso wa Anneth uliokuwa ukingoja, akafanya kama afanyavyo kila Jumamosi.

"Ndizi iliyoivia mtini," alisema. "Uchungu wa gome la msesewe unakuja mwisho, unabisha hodi kwanza."

Makofi. Glasi zikajazwa. Saning'o ndiye aliyetangulia kukimbilia ukutani kutema.

"Yesu wangu! Hii ni siki!"

"Dada Anneth," alisema Vishal, machozi yakimtoka, "hii tuipake kwenye kachumbari."

Anneth aliionja. Uso wake ukafunga kama duka. Juma zima umeme wa Maji ya Chai ulikuwa ukikatwa bila taarifa; friji yake ilikuwa kabati tu, na joto la jiko lilikuwa limezimaliza chupa zote. Wanaokata umeme wana jenereta, hawajui bia ya mtu inaharibikaje. Lakini Anneth hakuwafikiria hao. Alimgeukia Abdiel.

"Umenicheka."

"Sijakucheka."

"Umekunywa siki ukaisifu, ili wote wanywe, waniangalie."

"Anneth..."

"Sema basi! Mwenye maneno ni wewe!"

Abdiel alikitazama kikombe. Anneth aliacha kreti palepale, akaingia kwenye bajaji ya kwanza.

Abdiel alipiga simu siku ya pili, haikupokelewa. Siku ya tatu ikapokelewa.

"Swali moja tu," sauti ya Anneth ilikuwa imekauka. "Ulipokunywa, ulisikia nini?"

Abdiel alihamishia simu sikio la pili.

"Abdiel?"

"Nipo."

"Nimekuuliza ulisikia nini."

"Kwa simu siwezi."

"Basi kaa na maneno yako matamu, yakupikie." Akakata.

Abdiel alirudi kazini. Hakuumia, na hilo ndilo lililomtia hofu. Aliona jambo hilo linapita kama msafara ule, na yeye yuko pembeni amezuiwa. Siku chache baadaye alikwenda mjini kununua brekishuu. Vishal akampa chai, akamtazama akiimaliza.

"Bwana, hiyo chai nimeweka pilipili manga ya kumuua mtu. Makusudi. Tangu lini?"

Abdiel aliweka glasi juu ya kaunta. "Tangu Tabitha."

"Na unayotuandikia?"

"Ni yake."

Vishal alipanga boksi moja juu ya jingine, akalitoa, akalipanga tena. "Kamwambie."

"Ataondoka."

"Ameshaondoka, bwana. Unaogopa nini tena?"

Jumapili baada ya ibada Abdiel alishuka Maji ya Chai na kikombe kwenye mfuko wa koti. Mama yake Anneth alikuwa mlangoni akichambua mboga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyesifu siki?"

"Ndimi."

"Pita uani. Mwanaume anayesifu siki ya mwanamke huishi miaka mingi."

Anneth alikuwa akikoroga ndizi kwenye sufuria kubwa, kanga kiunoni, uso umeloa mvuke. Hakugeuka. Abdiel alisema yote akiutazama mgongo ule: wali kama karatasi, gari lisilo na mafuta, Tabitha na kikombe. Aliyasema bila kupamba, kama anavyomweleza mteja gari lake lina ugonjwa gani. Mwiko ukasimama.

"Majani yaliyonyeshewa mvua?"

"Ni ya kwake."

"Ndizi iliyoivia mtini?"

"Ya kwake."

"Kwa hiyo mimi nimempenda mke wako."

Abdiel alifikiri. "Alikuwa anapendeka," akasema.

Anneth akageuka. Alikuwa anacheka na analia, na hakuna kilichokuwa tayari kumpisha mwenzake. Aliingia ndani, akatoka na chupa ya kizibo chekundu. Hii ilikuwa imelala kwenye ndoo ya maji ya kisimani, si kwenye friji. Alinyoosha mkono. Abdiel akampa kikombe.

Safari hii Anneth alikijaza, akaonja kwanza, mbele yake. Kisha akampa. Abdiel akanywa.

"Haya. Uniambie. Ya kwako."

"Baridi," alisema Abdiel. "Mapovu yanachoma ulimi. Basi."

"Ndizi hakuna?"

"Hakuna."

"Na huenda isirudi."

"Huenda."

"Kwa hiyo nitapika maisha yangu yote, na mume wangu aniambie baridi."

Abdiel aligeuza kikombe mikononi. "Ulipoonja ulifumba macho. Hapo nadhani ndipo ndizi ilipo. Kisha ulikunja pua, ukaikunjua. Huo ni msesewe. Haujazidi. Ungezidi ungemeza haraka." Akaongeza, "Hayo sikuambiwa na mtu. Nimekuangalia."

Anneth alivuta kigoda akakaa. Ndizi zilianza kushika chini ya sufuria na hakuna aliyejali, mpaka mama akapiga kelele toka mlangoni.

"Umesema mume," alisema Abdiel.

"Nimesikia nilichosema. Kwetu pombe ya posa, anayeileta ndiye anayeionja kwanza mbele ya wajomba, na wajomba watakuuliza imekaaje. Utawajibu nini?"

"Baridi."

"Watakucheka mpaka wadondoke."

"Wacheke. Nitajie siku."

Haikuwa furaha, ile aliyoisikia. Ilikuwa kama mguu ule unapoanza kurudi: unachomachoma, na unataka usiuguse. Alitoa simu, akakipiga picha kikombe cha bluu mkononi mwake, akaandika kwenye Glasi ya Leo ingawa haikuwa Jumamosi: *Baridi. Mengine muulizeni Anneth.*

Vishal akajibu kabla ya mtu mwingine: *Hatimaye sharti limefuatwa.*

Anneth alisoma begani kwake, akamnyang'anya simu, akaiweka chini. Akajaza kikombe tena, akaonja, akamrudishia.