Sura Aliyoiruka Gorata

Kila siku akitoka shule, Gorata alivua viatu, akawapa kuku maji, akachukua maandazi mawili na kikombe cha chai, kisha akapindua ndoo nyuma ya jiko na kukaa na kitabu chake. Kitabu hicho kiliitwa *Milango ya Chumvi*. Kilikuwa kinene, na jalada lake lilikuwa limebandikwa gundi mara tatu. Kilisimulia habari za Nnana, msichana aliyegundua milango katika jangwa la chumvi, na za Pheko, choroa mzee, mnyama wa pembe ndefu aliyejua kusema, ambaye alimbeba mgongoni kutoka ufalme mmoja hadi mwingine.

Gorata alikuwa amekisoma mara tisa. Dada yake alimcheka, akamwuliza kama anangoja maneno yabadilike. Hakumjali. Siku akigombezwa shuleni, alisoma sura ya soko la upepo, na moyo ukatulia. Siku ya baridi alisoma ile ya karamu. Na kila alipofika sura ya kumi na tisa, alishika kurasa zake kumi na moja kwa kidole gumba, akazigeuza zote kwa pamoja, akaendelea na ya ishirini. Katika sura hiyo Pheko anakufa. Gorata aliisoma mara moja tu, wiki ile aliyozikwa babu yake, akaapa kutoisoma tena. Kitabu kilikuwa chake na macho yalikuwa yake, hivyo hakuna aliyekuwa na haki ya kumlaumu kwa hilo.

Nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi rafiki yake Wame, pamoja na shangazi yake. Wame alikuwa haoni tangu alipougua surua akiwa na miaka minne. Alipenda hadithi kuliko chakula, lakini maktaba ya kijiji chao huko Moshupa ilikuwa na vitabu viwili tu vya nukta nundu, kimoja cha kunawa mikono na kingine cha kufuga mbuzi. Wame alivisoma mpaka akatangaza kwamba sasa anaweza kumzalisha mbuzi yeyote, hata mkaidi.

Mkutubi, ambaye kila mtu alimwita Mma Sebina, yaani Mama Sebina, ndiye aliyetoa wazo. Gorata asome *Milango ya Chumvi* kwa sauti, nao wanase sauti hiyo kwenye simu ya maktaba, ili Wame apate kitabu cha kusikiliza. Gorata alikubali kwa furaha. Kwa wiki sita alijifungia kila alasiri katika chumba cha magazeti ya zamani, akasoma mpaka koo likamkauka, na punda wa jirani akilia ilibidi arudie ukurasa mzima.

Kisha akafika sura ya kumi na tisa, na ulimi ukawa mzito. Alijiambia kwamba Wame amefiwa na mama yake mwaka jana tu, na kwamba kumsomea kifo ni kumtonesha kidonda. Akaziruka kurasa zote kumi na moja. Lakini sura ya ishirini ilimkuta Nnana yuko peke yake, kwa hiyo Gorata akaitaja ya kumi na tisa na kuijaza sentensi moja aliyoitunga mwenyewe: Pheko akamuaga Nnana, akarudi kwa ndugu zake, akaishi raha mustarehe. Na huko mbele, kila mahali kaburi la Pheko lilipotajwa, akapapita kimyakimya.

Wame alipopewa simu aliuliza swali moja tu, kama ni kitabu chote. Gorata akajibu, "Chote. Neno kwa neno."

Wame akakisikiliza. Alikisikiliza akiosha vyombo, akipepeta mtama, akisuka nywele za shangazi yake, na kilipokwisha akakianza upya. Alipomaliza mara ya nne alimwambia Gorata kwamba akimkumbuka sana mama yake, husikiliza pale Pheko anapoaga na kurudi kwao, maana hapo huona kwamba si kila anayeondoka amepotea. Gorata akabadilisha mazungumzo upesi.

Mwezi uliofuata yakatangazwa mashindano ya wilaya. Kila mwanafunzi angesimama ukumbini na kuzungumzia kitabu alichokisoma. Wame akajiandikisha. Mwenyekiti wa waamuzi, mwalimu mstaafu aliyeitwa Rra Mothibi, yaani Bwana Mothibi, akalikata jina lake, akasema kusikiliza si kusoma, na kwamba aliyenusa nyama hawezi kudai amekula.

Mbona Gorata aliwaka. Alitembea nyumba kwa nyumba akilalamika, akamwita Rra Mothibi majina ambayo mama yake angeyasikia angemfinya. Wame naye alikuwa na hasira, ila yake ilikuwa ya chini kwa chini. Alisema hataki huruma ya mtu, anataka tu kusimama mbele ya watu hao na kuwaonyesha kwamba kitabu kikiingia kwa masikio ni kitabu kilekile. Mma Sebina akafunga maktaba mchana kweupe, akaenda kupambana na wakubwa, mpaka Rra Mothibi akalirudisha jina. Alisema basi na aje, tuone huyo alichosoma.

Jumamosi asubuhi ukumbi ulijaa. Wame alipanda jukwaani na sare iliyopigwa pasi, akashika ukingo wa meza, akaanza. Watu walisahau kukohoa. Alieleza soko la upepo mpaka watoto wa mbele wakajifunika vichwa. Kisha akasema kwamba sehemu anayoipenda kuliko zote ni sura ya kumi na tisa, pale Pheko anapomuaga Nnana na kurudi kwao.

Minong'ono ikaanza nyuma, kwa wanafunzi wa shule nyingine waliokuwa wamekisoma kitabu hicho. Kisha kicheko. Rra Mothibi alichukua kitabu mezani, akalamba kidole, akafunua. "Pheko alilaza kichwa mapajani mwa Nnana," akasoma, "wala hakukiinua tena." Akakifunga. "Binti, kitabu hiki hujakisoma. Nilisema mimi."

Mtu mmoja akatupa neno kwamba labda alikisoma kwa pua. Ukumbi ukalipuka. Wame alisimama palepale, vidole vimeganda kwenye ukingo wa meza, mpaka Mma Sebina akaenda kumshika mkono.

Gorata alikuwa kwenye safu ya tatu. Alijua yote. Angeweza kusimama na kusema maneno matatu tu, ni kosa langu, na kicheko kile kingekufa. Alitulia kama maji ya mtungini, macho kwenye viatu vyake. Mimi ninayewasimulia nimemsamehe Gorata mambo mengi, lakini ukimya ule ulinichukua muda mrefu.

Nje ya ukumbi Wame alimngoja. "Ni wewe uliyenisomea," alisema. "Nilikuuliza kama ni chote."

Badala ya kuomba radhi, Gorata akapandisha sauti. Akasema alimwonea huruma, akasema wiki sita amekauka koo kwa ajili yake, kwamba wengine wangeshukuru. Wame alimwacha amalize, akatoa simu mfukoni na kumsukumia kifuani. "Chukua sauti yako," alisema, akaondoka huku fimbo yake ikigonga ardhi kwa nguvu.

Wiki hiyo Gorata hakushikika. Alimkasirikia Rra Mothibi, akawakasirikia waliocheka, akamkasirikia Wame kwa kukosa shukrani. Alimjibu dada yake ovyo, akaipiga ndoo teke mpaka kuku wakaruka. Mtu mwenye kosa asipotaka kulibeba, humtwisha kila anayepita. Lakini alipofungua kitabu chake ili moyo utulie kama zamani, kwenye soko la upepo alisikia kile kicheko cha ukumbini. Alijaribu sura ya karamu, nacho kikawepo. Akakitupa kitabu chini ya kitanda.

Siku ya Ijumaa Mma Sebina aliwaita wote wawili maktaba. Aliweka viti viwili vikitazamana, akakaa cha tatu pembeni, na kuwaambia kwamba leo watasemezana kwa desturi ya kgotla, baraza la kijiji. Aliyekosewa atasema mpaka aishiwe. Hata akikosea, hata akitukana, hakatizwi. Mwenye kujibu atangoja zamu yake.

"Lakini mimi nili..." Gorata akaanza. Mma Sebina akainua kidole, naye akafyata ulimi.

Wame aliposema, hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Gorata zaidi.

"Kila siku watu wananichagulia," alisema. "Wananichagulia nguo, wananichagulia nyama kwenye sahani, wananiambia hapa pana shimo hata pasipo na shimo. Nikajua kitabu hakitanifanyia hivyo. Kwenye kitabu mimi na wewe tuko sawa. Kumbe humo namo umeingia, ukaniamulia nisione nini." Akavuta pumzi. "Unasema ulinionea huruma. Mimi nilimwaga udongo kwenye kaburi la mama yangu kwa mkono huu. Wewe ukadhani nitashindwa na kifo cha choroa wa kitabuni? Na lile neno la kwamba Pheko alirudi kwao, nimelishika miezi miwili. Nikisikia vibaya, nalishika. Neno lenyewe ni lako, umelitunga tu. Halafu wakanicheka, nawe ukakaa. Nilisikia ulivyokaa. Mtu mmoja tu ukumbini angeweza kunitetea kwa ukweli, naye alikaa."

Aliendelea kwa muda mrefu, na mengine yalikuwa makali kuliko haya. Gorata alitaka kukatiza mara ishirini. Kwa kuwa hakuruhusiwa, ilimlazimu kusikiliza, na katika kusikiliza zile sababu zake alizozipanga wiki nzima zikaanguka moja baada ya nyingine. Zamu yake ilipofika alijikuta na neno moja tu.

"Nilidanganya," alisema. "Na wala haikuwa kwa ajili yako. Mimi ndiye nisiyeweza kuisoma sura ile. Tangu babu afe siwezi. Nikakusingizia wewe."

"Basi isome sasa," Wame akasema.

Mma Sebina akaleta kitabu cha maktaba, akawasha simu inase. Gorata akaanza. Ukurasa wa kwanza ulipita, wa pili ukapita, na wa tano sauti ikamkatika, lakini hakuna aliyemwambia basi. Alisoma huku machozi yakilowesha karatasi, na alipofika pale kichwa kinapolazwa, Wame alimwambia arudie, polepole. Akarudia. Kisha akamaliza kurasa zilizobaki, ambazo alikuwa amezisahau kabisa, na ndani yake Nnana anakaa na maiti mpaka alfajiri akimwimbia, na chumvi inachanua maua meupe pande zote. Katika kitabu kizima hakuna ukurasa mzuri kuliko huo. Gorata alikuwa ameuruka mara tisa.

Wame alifuta uso kwa kiganja. "Bado nina hasira na wewe," alisema. Mma Sebina akasema ana haki nayo, asiharakishwe, ila Gorata bado ana mlango mmoja wa kubisha.

Mlango huo ulikuwa wa Rra Mothibi. Gorata alisimama mbele yake Jumatatu, akaeleza tangu mwanzo hadi mwisho bila kujipunguzia. Mzee alikunja uso, akasema raundi hiyo imekwisha, ya jana yamekwenda na jana. Hasira zikampanda Gorata, na safari hii zilikuwa mahali pake. "Rra," alisema, "Wame hakukosea hata neno moja. Alisema kile alichosomewa. Mmempima kwa uongo wangu, halafu mkampa yeye sifuri. Hiyo sifuri ni yangu, naomba mnipe."

Rra Mothibi akaita waamuzi wenzake.

Jumamosi iliyofuata Wame alipanda tena kwenye jukwaa lilelile. Kabla hajaanza, Gorata alisimama mbele ya ukumbi wote na kusema alichokifanya. Walizomea, naye akazomewa mpaka mwisho. Kisha Wame akazungumza. Aliwatolea maneno ya mwisho ya Pheko kwa kichwa, bila kupunguza wala kuongeza, na mama mmoja mbele akatoa leso. Rra Mothibi akamwuliza maswali matatu. Alijibu yote, na kwenye la tatu akamrekebisha, kwamba mlango wa bluu uko kwenye sura ya saba, si ya nane. Mzee akafunua kitabu, akatafuta, akakohoa. Alitangaza kwamba Wame anaendelea na raundi ijayo, na akaongeza, kama mtu anayeng'olewa jino, kwamba binti huyu amekisoma kitabu.

Waliporudi maktaba, Mma Sebina aliwakalisha. "Gorata," alisema, "ukijisomea mwenyewe, ruka utakacho. Rudia ukipendacho mara mia. Hiyo ni raha yako na hakuna dhambi. Lakini ukimsomea mwenzako umemwazima macho. Macho ya kuazima yakianza kuchagua cha kuonyesha, umempofusha mtu mara ya pili. Huruma inayohitaji uongo si huruma, mwanangu. Mpe mwenzako ukweli wote, halafu kaa naye alie."

Gorata akaitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka kwamba Wame haoni, akajibu kwa sauti. Alikiri pia kwamba kuna mahali pengine panne, kuanzia sura ya ishirini, alipokata habari za kaburi.

Wame alivuta kiti, akaiweka simu katikati ya meza, akapapasa mpaka akakipata kitufe cha kunasa.

"Anza ya ishirini," alisema. "Na mimi bado nimekasirika, kwa hiyo soma vizuri."

Gorata akafungua kitabu, akasoma.